Tulifuturu Jua Likiwaka

Siku mbili baada ya arobaini ya Papa Abedi, mjane wake aliniita nyumbani kwake mtaani Birere nikachukue mzigo wangu. Nilidhani ni sufuria niliyoisahau siku ya msiba. Mama Halima akaingiza fagio chini ya kitanda, akavuta, na sanduku dogo la mbao likatoka na vumbi lake jeusi. "Hii kitu yako," akasema, "imenichokesha kuifagilia pembeni. Beba." Nililitambua kabla sijalipangusa: tundu ubavuni lenye jicho dogo la kioo, taa nyekundu isiyozidi punje ya muhindi, na kengele niliyoing'oa kwa mikono yangu kwenye saa ya mezani iliyokufa. Moto wa mlima wa volkano uliposhuka mpaka ndani ya mitaa yetu, watu walikimbia na mbuzi, na sufuria, na vyeti vya shule. Papa Abedi alikimbia na sanduku hili kwapani. Godoro jipya la Mama Halima, lililokuwa bado ndani ya nailoni yake, lilibaki likaungua pamoja na nyumba. Mama hakuwahi kumsamehe, na sasa kwa kuwa mwenyewe amelala makaburini, kesi imehamia kwangu. Nilikaa kwenye mkeka na sanduku mapajani, mama mzima wa miaka karibu hamsini, mwenye duka la umeme wa jua na mafundi wanne wanaoniogopa, nikajikuta nalia na kucheka kwa pamoja.

Mambo ya ukoo wangu nayaruka, maana nikianzia huko hatutafika. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, naitwa Esperansi, natoka Rutshuru, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na kwamba papa mudogo wangu Bahati, mdogo wake baba, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu yangu. Papa mudogo alikuwa na lori na depo ya maharagwe, na alikwisha kuniwekea sindano ndefu ya kushonea midomo ya magunia. Mimi nilitaka kutengeneza redio. Tulibishana mpaka akachoka, akanileta Goma kwa Papa Abedi, fundi wa saa na redio aliyezoea kumtengenezea redio ya lori, akamwambia mbele yangu, bila hata kunitazama, kwamba anifundishe mpaka Idi. Ikifika Idi hakuna kitu nilichokifanya kwa mikono yangu na kikatembea, yaani kikafanya kazi, atarudi kunichukua, na sindano inaningoja. Zilikuwa zimebaki wiki kumi. Papa Abedi, mtu wa Kasongo kwa asili, mwembamba, mpole, mwenye kiburi cha ufundi tu na si kingine chochote, akanitazama vidole badala ya uso, akasema vitafaa.

Nyumba yote ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya mawe ya volkano, na paa la mabati. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa cha kazi. Ukutani zilining'inia saa za wateja kama kumi na saba, kila moja ikisema lake, kwa sababu zilizopona ziliondoka na wenyewe na zilizobaki zilikuwa wagonjwa. Mtu akiuliza saa ngapi ndani ya nyumba ile ya fundi wa saa, Papa Abedi alitoka nje akatazama jua. Nyuma ya pazia kulikuwa na sebule ya mikeka, na nyuma ya sebule jiko la Mama Halima, ambako nilijifunza mengi kuliko mezani kwa mumewe, maana ukuta wa mbao hauzuii maneno. Nilimsikia Mama akisema kwamba yule mutoto anakula kama anaogopa sahani, na kesho yake nikaongezewa sombe ya majani ya muhogo na visamaki vya sambaza vya kukaanga. Nilimsikia Papa akijibu kwamba vidole vyangu havitetemeki, ila kichwa changu kina haraka. Neno la vidole lilinifanya nitembee wiki nzima nimeinua kidevu. La haraka nililiacha lipite, mjinga mimi.

Mwezi wa mfungo ukaingia pamoja na mvua. Mimi sikufunga, lakini niliona haya kula mbele yao, nikawa najificha mchana nyuma ya choo na kiazi changu baridi, mpaka Mama Halima akanifuma. Alinigombeza kwa nusu saa. Alisema njaa yangu haimuongezei yeye thawabu hata chembe, na tangu siku hiyo akawa ananiwekea chakula jikoni na kusimama mlangoni kuhakikisha kimeisha. Shida ya nyumba ile mwezi ule haikuwa njaa, ilikuwa mvua. Ukiwa chini ya mabati na mvua ya Goma inapiga, hata aliye kando yako unamwona anafungua na kufunga mdomo tu. Adhana ya magharibi haikusikika kabisa. Aliyetuokoa ni jirani yetu Mwalimu Shabani, mwalimu wa madrasa, mnene, mcheshi, mkali kwa wanafunzi na dhaifu mbele ya sambusa. Alikuwa na saa ya mkono aliyoiamini kuliko watu, na muda ukifika alitugongea ukuta kwa ngumi. Wiki ya pili ya mfungo saa ile ikaingia maji. Akaileta kwetu, ikafunguliwa, ikatandazwa vipande vipande mezani, na nyumba zote mbili zikabaki bila saa.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu, nikiwa namenya ndizi. Ndani ya kamera mbovu iliyokuwa kwenye droo kulikuwa na jicho la mwanga, kisahani kidogo chenye mstari uliojikunja usoni. Likiona mwanga linapitisha umeme, giza likiingia linaubana. Papa Abedi alikwisha kunionyesha kwa kulifunika na kidole. Kwenye droo ileile kulikuwa na chipu ya miguu minane, ile ya kupima muda: ukiiamsha inaanza kuhesabu, ikimaliza inaachia. Basi nikasema jicho likae juu ukutani, chini kidogo ya mabati, litazame nje magharibi kupitia tundu la ubao, kwenye milima ya upande wa Sake. Giza likifika kiasi chake, jicho liamshe chipu, taa nyekundu iwake, chipu ihesabu dakika kumi za tahadhari, kisha kengele ilie na watu wafuturu. Papa Abedi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: na wingu likipita? Nikamjibu papo hapo kwamba dakika kumi ndizo dawa ya wingu, kwa kuwa hakuna wingu linalokaa dakika kumi. Jibu lilikuwa na sura nzuri. Alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye saa ya Mwalimu.

Jioni nne mfululizo kitu kilifanya kazi, na kwa bahati zilikuwa jioni za ukavu, adhana ikasikika na kengele yangu ikafuata nyuma yake kwa adabu. Mama Halima, ambaye mwanzoni alisema sanduku litatuletea majini, akaanza kupikia taa nyekundu: ikiwaka tu, sambusa za mwisho zinaingia kwenye mafuta. Mimi nilikuwa nishaona Idi inafika, papa mudogo anakuja, anaona, anarudi Rutshuru peke yake na sindano yake. Mwalimu Shabani peke yake ndiye aliyepita akisema dini haihitaji betri. Papa Abedi, nimeshasema habari ya kiburi chake, akamwalika aje kufuturu na sisi siku ya tano, ashuhudie.

Siku ya tano mvua ilianza saa tisa. Kufikia saa kumi na moja sebule ilikuwa na giza la kupapasia kijiko, na Mwalimu alikwisha kukaa mkekani, amevua viatu, pua imeelekea jikoni. Mara lori likaunguruma nje. Ni papa mudogo, siku kumi kabla ya Idi, hakumwambia mtu, eti amepita tu kuona. Lori limepakia magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, na juu ya makala makabichi, limepita urefu wa paa letu, na dereva wake akalibana ubavuni mwa ukuta kabisa, kama walivyozoea ili mtu asipate upande wa kuibia. Nilikimbia na mwavuli kumpokea. Niliporudi ndani, taa nyekundu ilikuwa inawaka. Sikujiuliza kwa nini. Nilifurahi kupita kiasi, nikamshika papa mudogo mkono, nikamwonyesha taa, nikamweleza jicho, giza, hesabu, kengele, maneno yananipita mdomoni. Nje jirani akapiga kelele kwamba lori limemfungia mlango, dereva akaliwasha, akaliondoa mpaka barabarani. Leo ningeelewa kwa sauti ya injini tu. Lori ndilo lililofunika jicho. Lori limeondoka, jicho limeona mwanga tena, lakini chipu jinsi nilivyoifunga mimi, ikishaamshwa haiulizi tena. Inahesabu mpaka mwisho wake hata ukiimulika kwa tochi. Nilikuwa sijaifundisha kutazama mara ya pili.

Kengele ikalia. Mwalimu akainua nyusi akasema mbona leo siku ni fupi. Papa Abedi akamjibu kwamba saa ya mkono inakisia, jicho linaona. Nje giza, mabati yanapiga kelele, saa ya mkono iko mezani vipande vipande, na Mama Halima anaingia na sinia linalotoa moshi. Mwalimu alikubali kwa wepesi ambao ulimtia aibu kwa miaka. Wakasoma bismillahi, tende, maji, uji wa tangawizi, sambusa. Mwalimu alikuwa kwenye sambusa ya pili, nusu iko ndani na nusu iko nje, mvua ilipokatika ghafla kama inavyokatika huku kwetu. Pakawa kimya. Kisha jua likaingia mlangoni. Si mwanga wa machweo, ni jua lenyewe, jeupe, likapita juu ya mkeka, likapanda kwenye sahani ya sambaza, likamfikia Mwalimu magotini na kumtulia kifuani. Hakuna aliyemeza na hakuna aliyetema. Papa mudogo, ambaye hafungi na alikuwa hajaelewa kitu, akaomba asogezewe pilipili.

Mwalimu akaitoa sambusa mdomoni, akaiweka ukingoni mwa sahani taratibu, akafuta vidole. Alisema si dhambi, ni kosa. Kila aliyekula ajizuie sasa hivi mpaka jua lizame la kweli, na baada ya Idi afunge siku nyingine badala ya hii. Basi wakakaa. Sijaona muda mrefu kama ule. Chakula kiko katikati, moshi unapungua, mafuta yanaganda kwenye sombe, na watu watatu wazima wanatazama ukuta. Papa mudogo alipoelezwa naye akaweka kijiko chini kwa heshima, maskini, na alikuwa hajala tangu Rutshuru. Mimi nilikimbilia chumba cha mbele nikajiinamia mezani kati ya vipande vya saa. Niliwaza kulivunja sanduku kwa nyundo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, kwa sababu redio ukiiharibu unanunua kipuri, lakini hawa watu nilikuwa nimewachukulia siku yao na Mungu wao, na walikuwa wamenilisha kwa mkono wao. Papa mudogo akaingia nyuma yangu. Alisema kwa upole, na upole wake ulinichoma zaidi: "Kusanya nguo zako. Kesho tunarudia Rutshuru. Kitu yako imetembea, lakini imetembeza watu vibaya."

Jua likazama la kweli. Taa nyekundu ikawaka yenyewe, adhana ikasikika safi kabisa, kengele yangu ikalia nyuma yake, na hakuna aliyenyoosha mkono mpaka Mwalimu alipotoka uani bila viatu akahakikisha kwa macho. Wakala sambusa baridi. Nilikuwa nimesimama kwenye pazia na kifurushi changu cha nguo, Papa Abedi aliponiita nikae, akamgeukia papa mudogo.

"Papa Bahati, huyu mutoto hawezi kwenda kesho."

"Kwa nini?"

"Siku yetu imekuliwa, na kengele ni yake. Kwetu siku yenye imekuliwa inalipwa. Nataka na yeye afunge siku moja, kisha arekebishe hii sanduku mbele yangu. Mimi pia niliuliza nusu ya swali. Akishafunga siku yake, utamuchukua."

Mwalimu Shabani akafungua mdomo. Alijua kuliko wote kwamba mtu asiye wa dini yao hana siku ya kulipa. Mama Halima akamwekea sambusa mbili sahanini kabla neno halijatoka, akamkazia macho, na Mwalimu akala. Papa mudogo akawaza. Alikuwa mtu wa mizigo, na katika barabara yote ya Rutshuru alijulikana kwa jambo moja, haondoki mahali akiacha kitu cha mtu hakijalipwa. Akauliza ni siku moja tu? Papa Abedi akasema moja tu. Akauliza itafungwa lini? Papa Abedi akasema, kwa sheria yao, muda upo mpaka karibu na mfungo mwingine. Papa mudogo akapeana naye mkono, akaenda kulala kwenye lori lake.

Huo ndio mwaka wangu, kutoka mfungo mpaka mfungo. Kila baada ya wiki chache lori lilikuja na papa mudogo aliingia na kabichi mbili mkononi akiuliza, Esperansi amefunga? Papa Abedi alimjibu bado, wiki hii ana kikohozi. Bado, wiki hii tuna vipaza sauti vya kanisa, vya kanisa lenu, papa, ungependa viharibike? Mimi mwenyewe nilimwendea mara tatu nikisema nataka kufunga nimalize, maana niliamini kwamba yeye na Mama pia wananingoja mimi ndipo walipe siku yao, na jambo hilo lilinikosesha raha. Kila mara alinijibu kwamba kwanza sanduku. Na sanduku halikuisha. Nilifunga transista ya kuifuta hesabu kila jicho linapoona mwanga tena, nikamwita. Akasema vizuri, na radi ikipiga? Nikarekebisha. Akasema, na buibui akijenga mbele ya jicho? Na vumbi la mlima? Na Mama akianika kitenge? Nilikaa pale usiku na mchana nikiwaza njia zote ambazo kitu kinaweza kudanganywa, na bila kujua, redio nazo zikaanza kunifungukia. Mwezi wa sita nilitengeneza redio ya lori la papa mudogo peke yangu, akiwa amesimama nyuma yangu. Haikuzimika tena njia yote. Baada ya hapo swali lake likabadilika sauti. Alikuwa akiuliza, hajafunga bado? akiwa na sura ya mtu anayeogopa kuambiwa ndiyo.

Ilipobaki wiki moja mfungo kuingia, Papa Abedi akasema kesho. Tulifunga wote, mimi, yeye, Mama, na Mwalimu aliyekuja kunisindikiza. Saa sita nilikuwa imara. Saa nane nilianza kuchukia harufu ya vitunguu. Saa kumi sikutaka kusemeshwa. Papa mudogo alifika na lori, na safari hii akamwamuru dereva alipeleke mbali kabisa na ukuta, akasimama nje mwenyewe kulilinda jicho, anafukuza watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, wasiegemeze mizigo yao pale. Jua lilizama, adhana ilisikika, kengele ikalia. Tende ile ya kwanza naikumbuka mpaka leo ilivyoshuka kooni. Papa mudogo akatoa mfukoni ile sindano ndefu ya magunia. Nilidhani amekuja kunichukua. Akaiweka mezani kati ya koleo na waya, akasema labda itanifaa kwa kutoboa matundu, akatoka kabla sijamshukuru. Bado ninayo dukani, na matundu natobolea hiyohiyo.

Haya yote nilikuwa namkumbusha Mama Halima mkekani, siku ile ya sanduku, naye anacheka mpaka anashika mbavu. Nikasema kwamba mpaka leo linaniuma jinsi nilivyomfanya Papa Abedi akae na deni la siku ile mwaka mzima. Mama akaacha kucheka. Akaniuliza kama kweli nilidhani Papa alingoja. Alikwisha kufunga wiki ileile baada ya Idi, siku ya Alhamisi, yeye na Mama, na Mwalimu upande wa pili wa ukuta. Daku aliwapikia Mama mwenyewe, na wakanong'ona ili nisiamke. Ile ya mwaka uliofuata walifunga tena kwa ajili yangu tu, nisikae na njaa peke yangu. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia, miaka yote hii.

"Ungefunga," akasema. "Na ungekwenda."

Nilifungua sanduku, nikapangusa miguu ya chipu kwa ncha ya kitenge, nikachomeka betri ndogo iliyokuwa kwenye mkoba wangu. Nikalifunika jicho kwa kiganja. Taa nyekundu ikawaka. Mama Halima akaniambia nisitoe mkono, kana kwamba sijui. Mimi ndiye niliyelifunga likiona mwanga tu lianze upya. Tulikaa hivyo dakika kumi, mkono ukafa ganzi, yeye akamimina chai ya tangawizi na kuleta sahani ya sambusa. Kengele ikalia, kavu, yenye kutu kidogo. Ilikuwa saa tisa ya mchana na jua limejaa mlango mzima. Tulilitazama wote wawili. Kisha Mama akanisogezea sahani.

"Kula, mutoto wangu," akasema. "Hii ya leo hailipwi."